Mzazi wa Zamu

Klara aliapa mlangoni kwa Bibi Yustina, na hakuna aliyemlazimisha. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta uwele, wala hakumtazama mgeni wake. Alikuwa ameshasema neno lake, kwamba mjukuu wake harudi shule, na mtu mwingine angeaga akaenda zake. Lakini Klara si mtu wa kuaga mapema. Aliweka mkono kifuani akasema, "Mama, nakuapia kwa Mungu aliye juu, Aneth akirudi shule hakuna atakayemgusa. Akiguswa, uje unidai mimi."

Bibi Yustina akashusha ungo. "Unaapa kama nani?"

"Kama mjumbe wa kamati ya shule."

"Hata mwezi wa pili hiyo kamati ilikuwepo."

Na kweli ilikuwepo. Mwezi wa pili Aneth alichelewa shule siku tatu mfululizo, kwa sababu bibi yake alikuwa na homa na maji ya pale kijijini Kinampembe yako mbali. Siku ya tatu mwalimu wa darasa la saba alimlaza chini mbele ya wenzake, akamchapa nyuma ya magoti hadi fimbo ikakatika, akaagiza nyingine. Sheria inasema viboko visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu. Sheria haikuwepo darasani siku hiyo. Vidonda vikatunga usaha, na kwa siku tisa mtoto hakuweza kukunja miguu. Kamati ilikaa, ikasikitika, ikaandika muhtasari. Mwalimu akahamishwa, maana huo ndio utaratibu wetu, mtu akiharibu huku tunampeleka akaharibu kule. Aneth alipopona akachukua mbuzi watano wa bibi yake akaenda nao machungani, na hakuna aliyemwona tena na sare.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa mwezi wa tisa. Msichana asiyeufanya, Kinampembe wote wanajua kinachofuata: mavuno mawili hayapiti utamkuta na mtoto mgongoni, na mtoto huyo si mdogo wake.

"Safari hii si kamati peke yake, mama," Klara akasema. "Ni kijiji kizima. Wazazi wenyewe tutakaa pale shuleni kwa zamu, kila siku mmoja, macho yetu kwa walimu."

Bibi akauchukua tena ungo wake. Nyuma ya zizi Aneth alikuwa amesimama na kamba ya mbuzi mkononi, na alikuwa amesikia yote. Mwisho bibi akasema, "Mchukue. Lakini mimi nimekusikia, na uliyemtaja naye amekusikia."

Klara alirudi kwake akitembea kwa madaha. Alikuwa na haki ya kuringa kidogo, maana wazo la zamu lilikuwa lake.

Lilizaliwa wiki moja nyuma, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Dada Winfrida, afisa maendeleo ya jamii, alikuja na pikipiki yake akaeleza kwamba ukatili shuleni hauwezi kumalizwa na serikali peke yake, lazima jamii ishiriki. Watu wakapiga makofi, maana makofi hayalipiwi. Kisha akauliza jamii itashiriki vipi, na hapo kila mtu akaanza kutazama viatu vyake, na asiye na viatu akatazama vya jirani. Klara ndiye aliyesimama. Miaka miwili iliyopita alichaguliwa kuingia kamati kwa sababu siku ya uchaguzi hakuwepo akatae, lakini tangu hapo kazi ilikuwa imemwingia mwilini.

"Tupeane zamu," alisema, "kama tunavyopeana zamu ya kuchunga. Leo ng'ombe wa wote anachunga huyu, kesho yule. Basi na watoto tuwachunge hivyo hivyo."

Wakulima na wafugaji hawahitaji kuelezwa mara mbili habari ya zamu ya kuchunga. Mkutano wote ukachangamka. Mtendaji wa kijiji akaandika makubaliano: mwalimu haruhusiwi kumpiga mwanafunzi, kila siku mzazi mmoja atakuwa shuleni tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni, mwalimu atakayekiuka atafikishwa mbele ya kijiji. Mwalimu Derick, mwalimu mkuu, akatia sahihi kama mtu anayemeza kwinini. Shule yake ina walimu watano na watoto zaidi ya mia sita, na alishasema mara nyingi kwamba yeyote anayejua namna nyingine ya kulinyamazisha darasa la watoto mia na kumi aje aonyeshe.

Katika makubaliano yale hakuna neno hata moja lililoandikwa kuhusu mzazi mwenyewe. Si kwamba lilifichwa. Halikumjia mtu. Pale Kinampembe fimbo ya mwalimu ilikuwa imeshaanza kuitwa ukatili, lakini fimbo ya mzazi iliitwa malezi tu, na hata Klara, aliyewahi kumchapa mwanawe Noel kwa mwiko wa ugali mpaka ukavunjika, angeshangaa kuambiwa vinginevyo. Tena walichukua mfano wa kuchunga. Katika kuchunga, mwenye zamu ndiye mwenye fimbo, na ng'ombe wakirudi salama jioni hakuna anayeuliza wa nani kapigwa ngapi.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Benchi liliwekwa barazani, likitazama milango ya madarasa. Mama Jesca alikuja na kunde zake akazimenya hapo kutwa nzima, na kila kelele ilipozidi alinyanyua uso tu, mwalimu akashusha mkono. Michael, mume wa Klara, alipofika kwenye zamu yake alilala usingizi tangu saa nne, akakoroma, na bado hakuna mwalimu aliyethubutu. Watoto wakaanza kucheka darasani. Mwalimu Derick alilalamika kuhusu kelele, na kelele kweli zilikuwepo, lakini utoro ulipungua, na hilo aliliandika mwenyewe ubaoni ofisini.

Aneth alirudi Jumatatu. Wiki ya kwanza alikaa karibu na mlango, na mguu mmoja ameuelekeza nje. Wiki ya pili akasogea katikati. Klara alijitafutia visababu vya kupita pale shuleni, mara anapeleka maji, mara anamtafuta kuku aliyepotea, na akipita dirishani alikuwa akimtafuta kwa macho mpaka ampate. Aneth alikuwa na mazoea ya kunyonya kola ya sare yake akisoma. Klara alimpenda mtoto yule kwa upendo ambao hata yeye haukumwelea, labda kwa sababu alikuwa amemwapia.

Baada ya Pasaka ikafika zamu ya Mzee Antipasi.

Mzee Antipasi si mtu mbaya, na ndiyo maana habari hii inauma. Ni mzee wa kanisa. Ana maksai wanaolima mistari iliyonyooka kuliko wa mtu yeyote upande ule, na kila mwaka huwanunulia madaftari yatima wawili bila kumwambia mtu. Alifika shuleni kabla ya kengele, amevaa koti lake la Jumapili, akaketi kwenye benchi na fimbo yake ya kuswagia ng'ombe kaiegemeza ukutani. Hakuja nayo kwa nia yoyote. Hiyo fimbo hutembea naye hata akienda kanisani.

Asubuhi ile wachelewaji walikuwa kumi na mmoja. Mwalimu Derick akawasimamisha mbele ya mstari, akawatazama, akatazama na mikono yake mwenyewe. "Zamani ningejua la kufanya," akasema. "Sasa kijiji kimenifunga mikono. Lakini mzazi wa zamu yupo. Mzee, hawa ni watoto wenu."

Pengine alitaka mzee awakaripie tu. Mpaka leo hakuna anayejua, na Mwalimu Derick mwenyewe ukimuuliza anaanza kukohoa. Mzee Antipasi aliinuka, akavua koti, akalikunja vizuri akaliweka kwenye benchi, akachukua fimbo. Aliwachapa wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, vitatu vitatu, na kila mmoja alimwambia kwa upole kosa lake. Alipomaliza akavaa koti lake akaketi. Wenzao walikuwa wamesimama kwenye mistari wakitazama. Aneth alikuwa mstari wa nyuma, na jioni hiyo aliondoka bila kumngoja mwenzake yeyote.

Kijijini walisifu. Hakuna aliyeona kwamba makubaliano yamevunjwa, kwa kuwa hayakuvunjwa. Mwalimu hakumgusa mtoto. "Mtoto wa mwenzio ni wako," wakasema. "Samaki mkunje angali mbichi," wakasema watu ambao samaki humwona akiwa ameshakauka sokoni. Wazazi waliokuwa wanakwepa zamu wakaanza kuidai. Mama Jesca akaacha kunde nyumbani. Kuna baba mmoja alikuja na mkanda. Haikupita muda majaribio ya kila wiki nayo yakaingia: aliyepata chini ya ishirini jina lake linasomwa leo, kesho anakabidhiwa kwa mzazi wa zamu. Walimu wakakaa ofisini wanasahihisha madaftari kwa utulivu waliokuwa hawajaupata tangu waajiriwe. Alama zikapanda. Hilo nalo lilikuwa kweli, na Klara alitamani sana lisingekuwa kweli.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Zefania, akamkuta anafunga mzigo wa vitunguu.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Noel. Mradi wako unakwenda vizuri."

"Hauendi vizuri. Watoto wanapigwa kuliko mwanzo."

Zefania akakaza kamba kwa goti. "Na nani?"

"Na wazazi."

"Basi wanalelewa." Alisema bila kejeli, kama anayemweleza mtu njia. "Mama Noel, wewe ndiye uliyesimama ukasema wazazi washiriki. Wameshiriki. Sasa unataka nikawaambie nini, wasiwalee watoto wao?"

Klara aliaga akaondoka. Jibu alilipata njiani, zuri kabisa, lakini jibu la njiani halina wa kumpa.

Siku ya pili akapanda bodaboda mpaka Nduguti, wilayani, kumwona Dada Winfrida. Ofisi ilikuwa mpya, bado inanuka rangi. Winfrida alimsikiliza hadi mwisho, tena kwa uso wa mtu anayeumia, akaandika ukurasa mzima. Kisha akaweka kalamu chini. Alisema atalifikisha kwa wakubwa. Alisema mwalimu anabanwa na kanuni za kazi yake, lakini mzazi anayemrudi mtoto kwa viboko viwili vitatu, bila jeraha, ni vigumu kumpeleka popote. Jeraha lipo? Klara akasema bado. Winfrida akasema angefika mwenyewe lakini pikipiki haina mafuta tangu mwezi uliopita. Alipokuwa anamsindikiza mlangoni akakumbuka jambo jingine, na alilisema huku ametazama pembeni.

"Mama, nyie mmeshaandikwa kwenye ripoti kama kijiji cha mfano. Kuna wageni wa vijiji vingine watakuja kujifunza mfumo wenu."

"Mfumo gani?"

"Huu wa zamu."

Jioni Klara alimweleza mumewe yote. Michael alikuwa anakula mlenda, akamsikiliza mpaka akamaliza tonge. "Na wewe Noel hukumchapa?" akauliza. "Na si amekuwa fundi mzuri tu pale Singida mjini?" Klara aliinuka akaenda kusimama uani. Alikumbuka kwamba Noel, akija likizo, hukaa chumba cha nje, na mama akinyanyua mkono ghafla hata kufukuza nzi, kijana wa miaka ishirini na minne hupepesa macho. Alikuwa ameliona hilo miaka yote, na miaka yote alidhani ni tabia yake tu. Alilia pale uani, peke yake, na hakujua hasa anamlilia nani.

Zamu yake ilifika katikati ya mwezi wa tano, siku ya Alhamisi.

Alikuwa amejiandaa. Angekataa, basi. Kukataa hakuhitaji fimbo. Alifika mapema akaketi, na mara Mzee Antipasi naye akatokea na koti lake, ingawa haikuwa zamu yake. Siku hizi alikuwa anakuja mara kwa mara kusaidia, hasa siku za kina mama, kwa sababu alisikia kuna kina mama wenye mikono mizito ya kuinua. Alimsalimia Klara vizuri. Klara akampa shikamoo yake, mzee akaitikia, wakakaa benchi moja.

Mwalimu Derick akasoma tena majina aliyoyasoma jana, ya waliofeli jaribio la hisabati. Yalikuwa tisa. La saba lilikuwa la Aneth, kumi na nane kwa hamsini.

Wakapanga foleni mbele ya benchi. Aneth hakunyonya kola. Alimtazama Klara, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Klara hatakisahau, kwa sababu kilikuwa furaha. Mtoto alikuwa amepata bahati. Siku ya jina lake imeangukia zamu ya mama yule aliyeapa.

"Mimi sipigi," Klara akasema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mwalimu, hawa wapewe hesabu nyingine wakae mchana wazifanye. Mimi nitakaa nao."

"Ni wazo zuri, mama," Mwalimu Derick akasema, na inawezekana alimaanisha. "Lakini wa jana waliadhibiwa, na wa juzi. Wa leo wakiachwa, kesho nitawaambia nini wenzao?" Akageuka. "Kama mama hawezi, mzee atamsaidia."

Mzee Antipasi akaanza kuvua koti.

Hapo ndipo akili ya Klara ilipokwenda mbio ikajikwaa. Aliyaona magoti ya Aneth, akayakumbuka makovu yanayong'aa nyuma ya magoti hayo. Aliiona ile fimbo. Kusimama katikati asingeweza, mzee wa watu, mzee wa kanisa, mbele ya shule nzima, angemsukuma? Akawaza, afadhali mimi. Mkono wangu naujua mwenyewe. Nitampiga kwa namna ya kutompiga. Ni mawazo ya huruma haya, na mtu yeyote mwenye moyo angeyawaza, na ndiyo yaliyomwangusha.

"Acha, mzee," akasema. "Nitafanya mwenyewe."

Alivunja kijiti kwenye mti wa karibu na choo, chembamba, akaanza na wa kwanza. Viganja viwili, kimoja kimoja, taratibu. Alipofika kwa Aneth, mtoto alinyoosha mikono yote miwili kwa pamoja. Ile furaha haikuwepo tena. Haikugeuka kuwa hasira wala machozi. Ilikuwa imeondoka tu, kama mtu aliyepita njia. Klara akampiga kiganja cha kulia, akampiga cha kushoto, na kijiti kikatoa sauti ndogo ya kijinga.

"Asante, mama," Aneth akasema, kama watoto wote wanavyofundishwa kusema, akapisha mwenzake.

Siku mbili Klara hakula akashiba. Siku ya tatu akaenda kwa Bibi Yustina, kwa sababu alikuwa amesema uje unidai, na mdaiwa mwenye haya hamngoji mdai. Alimkuta kwenye kigoda kilekile. Akapiga magoti chini, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa mtu tangu siku ya harusi yake.

"Shikamoo mama. Nimekuja kusema. Nimempiga mwenyewe."

"Marahaba mwanangu. Inuka, chini kuna vumbi." Bibi akamvuta mkono. "Ameniambia. Amesema ulimpiga kidogo sana, hata hakuhisi." Na macho ya kikongwe yakajaa maji. "Mungu akubariki. Wengine wasingemhurumia hivyo."

Klara alikuwa amejiandaa kwa laana. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa mlango kufungwa, hata kwa kigoda kurushwa. Shukrani hakuwa amejiandaa nayo, na ilimpiga mahali asipokuwa na ngao. Bibi alimkamatisha kitambaa chenye mayai sita, akakataa kata kata kurudishiwa. Klara alitembea nayo mpaka nyumbani akiyashika kwa mikono miwili, akiona aibu kukutana na watu.

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa, Klara alikuwa uani anapura alizeti. Jua lilikuwa limeshuka lakini halijazama, na upepo ulikuwa mzuri wa kupepetea. Alisikia hodi. Aneth alikuwa amesimama na watoto wengine wawili, Elisha wa darasa la tano na Faith wa darasa la tatu, wote na sare zao.

"Shikamoo mama," wakasema pamoja.

"Marahaba. Mbona hamjaenda nyumbani?"

Aneth ndiye aliyekuwa msemaji. Alisema kwa adabu, mikono nyuma, kama mtu aliyetumwa kuazima chumvi. Leo wamesomewa majina ya waliofeli jaribio. Kesho zamu ni ya babu Antipasi. Wiki iliyopita Jesca alichapwa nyumbani na mama yake kwa ajili ya jaribio kama hilo, na asubuhi Mwalimu alipoona mikono yake akamwambia wewe umeshaadhibiwa na mzazi, kaa pembeni. Mtu aliyeshachapwa nyumbani harudiwi.

"Sasa bibi mikono yake inatetemeka," Aneth akasema. "Elisha akimwambia baba yake, baba anachukua mkanda. Mama yake Faith anapiga kichwani. Tukasema tuje kwako, mama. Wewe hupigi sana."

Klara alikaa juu ya gunia. "Nitamwandikia Mwalimu barua," akasema. "Nitaandika nimewachapa. Nendeni nayo."

"Wanaangalia mikono, mama."

"Basi kesho nitakuja mwenyewe. Nitasimama pale."

Aneth alimtazama. Hapakuwa na lawama katika sauti yake, Klara aliitafuta na hakuiona, na angetoa alizeti yote ya mwaka ule ili aisikie. "Hata siku ile ulikuwepo, mama," mtoto akasema.

Elisha akatoa kijiti alichokuwa amekificha nyuma. Walikuwa wamekichagua wenyewe njiani, chembamba, wameshakimenya maganda vizuri. Klara alikipokea. Alitazama lango, kama kuna mtu atakayeingia amkataze, na barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye mawe makubwa ya mbali. Alijiambia wakienda hivi hivi, kesho ni ile fimbo ya ng'ombe. Alijiambia hilo mara mbili.

Faith alikuwa ameshanyoosha mkono na kufumba macho. Klara akampiga kimoja kimoja, akasikia asante mama. Akampiga Elisha, akasikia asante mama. Aneth alikuja wa mwisho. Aliweka viganja vyake vyote mbele ya Klara, na Klara akampiga kwa namna ileile aliyokuwa amejifunza, ya kutompiga.

Mtoto akageuza viganja kwenye mwanga wa jua, akavichunguza kwa makini kimoja baada ya kingine, kisha akavinyoosha tena.

"Ongeza kidogo, mama," akasema. "Hii haitaonekana."

Klara akaongeza.